Kupe la Milango Miwili: Tulilikodi au Tuliliacha?



Wapenzi wasomaji, juma hili tumeona tuwasimulie jambo lililotushughulisha nyumbani kwetu kwa muda wa miezi miwili, likatutia katika hesabu, katika maswali ya fiqhi, na siku moja likatutia korongoni. Jambo lenyewe ni gari. Si gari la biashara wala la shamba, bali lile dogo, la chini chini, la milango miwili, ambalo Wafaransa walilipa jina la kupe. Tulipolitaja jina hilo mbele ya mama, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, aliweka kikombe chini akauliza, "Kupe? Huyu wa ng'ombe?" Ndabibi ni nchi ya mifugo, na hapa kila mwenye ng'ombe anamjua kupe na gharama ya dawa yake. Tulicheka, lakini swali lile halikututoka.

Kwa asiyepajua, Ndabibi ipo upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, chini ya vilima vya Eburru. Sisi ni watu wa pwani tulioletwa huku na kazi. Kwenda mjini Naivasha tunapita Kongoni, Oserian, Kamere na Karagita, kwa barabara inayozunguka kusini mwa ziwa, na safari ya kwenda na kurudi inakaribia kilomita 80. Gari letu la zamani lilipokufa giabox tuliliuza kwa bei ya vyuma, tukarudi kwenye matatu. Mmoja wetu hufanya kazi mjini siku sita kwa juma. Kila siku akawa anatoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, anasubiri matatu ijae, na jioni anafika nyumbani Magharibi imeshaadhiniwa. Mama naye ana kisukari na presha, na kliniki yake iko mjini. Basi haja ya gari ilikuwa haja ya kweli. Aina ya gari ndiyo iliyoingia kwa mlango mwingine.

Ukweli usemwe: tamaa ilitangulia hesabu. Anayeishi kando ya ziwa hili haepukani na ngurumo za magari ya mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilifanya makao yake Naivasha, na njia zake zikapita Kedong, Oserian na Hell's Gate, yaani uwanjani kwetu. Mwaka 2022 magari ya Toyota yalishika nafasi zote nne za mwanzo. Mmoja wetu alisimama katika vumbi lile pamoja na watoto, akarudi nyumbani mwekundu kama tofali na macho yanang'aa. (Msomaji asijisumbue kukisia ni yupi kati yetu. Tumekubaliana kutosema.) Miezi michache baadaye tukaliona tangazo la kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ikikodisha Toyota 86 kwa miaka mitatu. Picha ilitosha.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza, la kudhani magari yale na gari hili ni ndugu kwa sababu yana nembo moja. Gari la Safari huvutwa na magurudumu yote manne, limeinuliwa, limevalishwa bamba gumu tumboni, na baadhi huwekewa bomba la kuvutia hewa juu ya boneti ili yasisakamwe na maji na vumbi. Nyuma yake wapo mafundi tele wanaolisubiri. Vumbi la huku ni majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano, na madereva wa mashindano wana jina lake maalumu, fesh-fesh, kwa namna linavyomeza gurudumu. Mvua ikinyesha, udongo huo huo hukatika ukafanya mifereji, na mfereji wa leo kesho ni korongo.

Toyota 86 ni gari zuri, hatutalisingizia. Lina injini ya lita mbili, nguvu ya farasi 200, na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Tumbo lake liko milimita 130 tu juu ya ardhi, ambazo hazifiki shibiri moja. Viti ni vinne kwa jina. Viwili vya nyuma vinamfaa mtoto asiye na haraka ya kukua. Fundi mmoja wa Naivasha alituongezea jambo ambalo hatukulifikiria. Injini isiyo na turbo, alisema, hupungukiwa na nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, na upungufu huo ni kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu, karibu moja ya tano ya nguvu imetoweka. "Farasi wenu arobaini," alisema, "wamebaki Mombasa."

Tukauomba mkataba, nao ukaja, kurasa kumi na nne. Kampuni hatutaitaja, maana haja yetu si kumchafua mtu. Malipo ya awali yalikuwa shilingi 400,000, na kodi ya kila mwezi shilingi 65,000 kwa miezi 36. Jumla ni shilingi 2,740,000, na mwishoni gari linarudi kwao, au tunaongeza shilingi 900,000 liwe letu. Kwa mwaka turuhusiwe kilomita 20,000, na kila kilomita ya ziada ni shilingi 15. Safari zetu za kazi peke yake ni kilomita 80 kwa siku sita kwa majuma hamsini, yaani 24,000. Kabla hatujampeleka mama kliniki hata mara moja, kabla hatujakwenda Mombasa kwa Idi, tumeshadaiwa shilingi 60,000 za kila mwaka. Shilingi hizo hazikuwamo katika tangazo.

Tungeweza kuishia hapo na kusema ni ghali. Lakini ughali peke yake si haramu, na mtu ana haki ya kulipia anachokipenda maadamu hajivuni nacho wala hajawanyima anaowalisha. Kilichotukosesha usingizi kilikuwa katika ukurasa wa tisa na wa kumi na moja. Huko kiliandikwa kwamba anayechelewa kulipa ataongezewa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi, na fedha hizo ni za kampuni. Bima yote ni juu yetu. Matengenezo yote, hata injini ikifa bila kosa letu, ni juu yetu. Na gari likiibiwa au likiungua, kodi iliyobaki inaendelea kudaiwa mpaka mwezi wa mwisho, ikitolewa tu kile bima itakachokubali kulipa.

Tulimpigia simu sheikh wetu wa Mombasa, tukamsomea vifungu hivyo kimoja kimoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza swali moja: "Gari likiungua kesho usiku, nani amepata hasara?" Tukajibu kuwa ni sisi. "Basi mwenye gari ni nani?" Hatukuwa na jibu.

Aliyotufafanulia baadaye tunayaandika kwa faida ya wenzetu, maana biashara hii ya kukodi magari kwa muda mrefu inakua nchini. Serikali yenyewe imekuwa ikikodi magari ya polisi tangu mwaka 2013, na sasa matangazo yanawafuata watu binafsi kwenye simu zao. Ijara si jambo geni katika dini yetu. Katika Suratul Qasas tunaelezwa jinsi Nabii Musa, alayhis salaam, alivyoajiriwa na mzee wa Madyan kwa miaka minane, na akitaka kutimiza kumi ni hiari yake. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na Sayyidna Abubakar walimwajiri mtu wa kuwaonyesha njia katika Hijra, naye hakuwa Mwislamu. Wanazuoni wanasema ijara ni kuuza manufaa ya kitu huku kitu chenyewe kikibaki mikononi mwa mwenyewe. Palipo umiliki pana hasara. Kwa hiyo kitu kikiangamia bila uzembe wa mpangaji, msiba ni wa mwenyewe, na kodi husimama siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna tena manufaa ya kuuza.

Ile namna ya kukodi inayoishia kwa mpangaji kumiliki ilijadiliwa na Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000. Baraza lilikataa kukodisha na kuuza viunganishwe kuwa mkataba mmoja juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kinachofaa ni ijara ya kweli isiyokuwa pazia la mauzo, na kumilikishwa kuje kwa mkataba mwingine, wa zawadi au wa kuuza, baada ya ijara kwisha. Bima ikiwepo iwe ya ushirikiano, yaani takaful, nayo ibebwe na mwenye gari. Matengenezo makubwa ni yake pia. Mpangaji ni mafuta, oili na yale ya matumizi ya kila siku. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain imeyapanga haya katika kiwango chake cha tisa, na humo faini ya kuchelewa, ikiwekwa, huelekezwa kwenye mambo ya kheri wala haiwi pato la mwenye mali. Sheikh alituambia mmiliki anaruhusiwa kuzihesabu gharama zake za bima anapopanga kodi, mradi zisitajwe kuwa ni deni la mpangaji. Tulidhani ni mchezo wa maneno. Akasema jaribuni kulichoma gari, kisha mtaiona tofauti. Alikuwa anatania, lakini tulimwelewa.

Tukairudia kampuni tukaomba vifungu viwili vibadilishwe, cha nyongeza ya asilimia 3 na cha kodi kuendelea baada ya gari kuangamia. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu nzuri. Alisema mkataba ni mmoja kwa wateja wote, lakini kwa kuwa tunasitasita tulichukue gari kwa siku tatu tulijaribu, bila malipo. Tukatia sahihi karatasi moja, hiyo tukaisoma haraka haraka, na Alhamisi jioni kupe likalala uani kwetu. Watoto wa jirani walilizunguka mpaka giza likaingia.

Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki. Hapa ndugu zetu wanawake watatuelewa kuliko wengine. Gari la namna hii huliingii bali unashuka ndani yake, kama mtu anayekaa kitako sakafuni. Mwenye buibui lazima akusanye nguo mara mbili, kwanza zisikanyagwe, kisha zisibanwe na mlango, na mlango wenyewe ni mrefu, unataka nafasi pana ubavuni. Mama ana magoti yanayouma. Tulimshika mmoja huku na mmoja huku, tukamteremsha taratibu, na alipofika chini akatazama juu akasema, "Wanangu, mmenikalisha mkekani." Mmoja wetu alikaa nyuma, magoti kidevuni. Watoto waliachwa kwa jirani, kwa kuwa hapakuwa na pa kuwaweka.

Lami ilipoanza tulinyamaza wote. Lazima tuwe waadilifu: safari ile ilikuwa raha. Gari lilishika kona kama linazijua, usukani ukaitika kwa kidole, na mama mwenyewe, tulimwona, alitabasamu tulipoipita lori ya maua pale Kamere. Tuliswali Ijumaa mjini, mama akapimwa, sukari yake ikawa si mbaya. Tukarudi alasiri, ziwa kuliani, mafunjo yakipigwa na upepo, na mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo kwamba shilingi 65,000 si nyingi sana.

Mvua ilitukuta karibu na Kongoni. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya ndani, maji yalikuwa yameshakata mfereji pale ambapo asubuhi palikuwa tambarare. Hatukuwa na kasi. Tulisikia mlio mmoja tu, mzito, chini ya miguu yetu, na baada ya mita mia moja hivi taa nyekundu ikawaka. Sampu ilikuwa imepasuka na oili inachirizika. Tukazima injini, tukakaa ndani ya mvua, wazee na vijana, chini kama waliokaa mkekani kweli. Tulimwomba mama radhi. Akatuambia tusome dua ya mvua kwanza, radhi baadaye.

Aliyetuokoa ni jirani mfugaji aliyekuwa akirudi sokoni na Probox yake. Tulimkweza mama humo kwa hatua moja, akakaa wima kati ya gunia la viazi na madumu ya maziwa, akafika nyumbani kabla ya Magharibi. Kupe lilivutwa asubuhi yake. Ile karatasi tuliyoisoma haraka ilisema madhara yoyote ya chini ya gari ni ya mwenye kulijaribu. Tulilipa shilingi 46,000, nazo zilitoka katika zile 400,000 tulizokuwa tumeziweka kando.

Kwa siku tatu zilizofuata tulizungumza usiku watoto wakishalala. Aliyelitaka gari alijitetea vizuri. Alisema njia ya ndani ni kilomita chache tu, gari lingeweza kuachwa Kongoni kwa mtu wa kuaminika, na maisha ya vumbi na matatu yanachosha moyo. Kitu kizuri kimoja si israfu. Hatukuyapuuza maneno hayo. Ni kweli moyo huchoka, na wengi wetu tumefundishwa kuona aibu kutamani kitu kizuri hata pale kinapokuwa halali. Mwenzake hakubishana juu ya uzuri. Alirudi kwenye ukurasa wa kumi na moja, akauliza kama mmoja wetu akipoteza kazi mwezi wa ishirini itakuwaje, na mama atakwenda kliniki na nini. Tuliswali istikhara, kila mtu kwa nafsi yake. Wako wanaosubiri ndoto baada ya istikhara. Sisi tulichoona ni kwamba kila asubuhi mkono ulikuwa mzito kuifikia kalamu. Tukaandika barua fupi ya kukataa kwa heshima.

Kisha tukaenda kuuliza kwenye benki inayofuata sharia. Kenya inazo tangu mwaka 2008, zilipofungua milango Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa inaitwa Premier Bank, na bima ya takaful ilifuata mwaka 2011. Afisa aliyetuhudumia alitueleza murabaha: benki inalinunua gari, inalimiliki, kisha inatuuzia kwa bei iliyotajwa siku ya kwanza na isiyoongezeka hata tukichelewa. Alituuliza pia gari gani. Tulipotaja la milango miwili aliinua nyusi, akasema kwa upole kuwa gari la familia huuzika kwa urahisi mambo yakiharibika. Alitukumbusha na sheria ya nchi, kwamba gari lililotumika halipokelewi bandarini likizidi miaka minane, kwa hiyo tusidanganywe na bei za magari makuukuu tunazoziona kwenye simu.

Mpaka tunaandika haya, maombi yetu ya gari la milango mitano, lililonyanyuka kidogo, lenye kiti ambacho mama anaweza kukikalia bila kushikwa, yako mezani kwa afisa huyo. Zimebaki shilingi 354,000 za kuanzia. Matatu bado tunaipanda, na alfajiri za Ndabibi mwezi huu ni za baridi kali.

Idi tuliisherehekea Mombasa. Kijana mmoja wa Nyali anayekodisha magari kwa siku alikuwa na Toyota 86 nyeupe. Bei ilikuwa moja, bima na matengenezo ni yake, na muda ulikuwa tangu asubuhi hadi Alasiri. Tuliwaacha watoto kwa shangazi yao, tukavuka daraja la Mtwapa, tukaenda Kilifi na kurudi, sisi wawili tu, madirisha yamefunguliwa na farasi wote mia mbili wakiwa mahali pao. Jioni tulimkuta mama barazani akimenya chungwa. Hakugeuka kututazama.

"Mmelirudisha kupe lenu?"

"Tumelirudisha, mama."

"Limewanyonya ngapi?"